Hesabu za Obokote zichambuliwe Obokote

Mwaka 2005 wadadisi wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, walipita nyumba kwa nyumba katika zoni tano za afya za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: Kilwa, Inongo, Basankusu, Bongandanga na Lubutu. Waliketi na wenye nyumba wakauliza mambo ambayo mtu hapendi kuulizwa na mgeni. Humu mnaishi wangapi? Katika miezi iliyopita amefariki nani? Alikuwa na umri gani, aliugua nini, alipelekwa kutibiwa? Kama hakupelekwa, kwa nini? Majibu yalijumlishwa na kutolewa hadharani Oktoba mwaka huohuo. Yalionyesha kwamba watu walikuwa wakifa kwa wingi hata mahali ambapo bunduki zilikuwa zimenyamaza, tena kwa malaria, kuhara na maradhi mengine yenye dawa, na kwamba wengi hawakufika kituoni kwa kukosa fedha ya kulipia matibabu. Baada ya hapo MSF ilianza kazi katika hospitali ya Lubutu, na wagonjwa wakatibiwa bila malipo.

Lubutu iko kaskazini mwa jimbo la Maniema, kwenye barabara itokayo Kisangani kwenda Walikale na Bukavu. Ni wilaya ya watu wa kabila la Wakumu, nayo ina sekta mbili, Bitule na Obokote. Obokote ni sekta na pia ni zoni ya afya inayojisimamia, moja kati ya zoni 18 za Maniema, katika nchi yenye zoni 519. Makao makuu ya jimbo ni Kindu, mji ulio ukingoni mwa Lualaba, mbali kusini, na kati ya hapo na Obokote kuna msitu na barabara ambayo mvua huifanya inavyotaka.

Naanza na habari ya mwaka 2005 kwa sababu inathibitisha jambo ambalo vijana wengi wa sehemu hizi hawajawahi kuambiwa waziwazi: takwimu zilizokusanywa kwa uangalifu zilileta matibabu. Majibu ya kaya hizo yaligeuka kuwa hoja ambayo mtoa uamuzi aliye Brussels au Kinshasa hakuweza kuisukuma kando. Namna majibu yanavyogeuka kuwa hoja ni ujuzi. Unafundishika, una soko, na mtu anaweza kuendesha maisha yake yote kwa ujuzi huo. Lakini Obokote, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Kongo ya mashariki, kijana hupewa kipande chake cha mwanzo tu.

Kipande hicho kinajulikana. Shirika linafika, linahitaji watu wanaojua Kiswahili na Kikumu, wanaojua njia za vijijini, wenye miguu ya kutembea. Wanachaguliwa waliomaliza shule ya sekondari, wanafundishwa siku mbili tatu jinsi ya kushika simu au kishikwambi na kusoma dodoso, kisha wanatumwa. Wanalipwa kwa siku. Wiki ikiisha, vishikwambi vinarudishwa, data inatumwa, na aliyetembea kilomita zote hizo haoni tena kilichotokana na kazi yake. Mpango wa sampuli ulikwisha kuandikwa Goma au Kinshasa. Kusafisha data, kuchambua, kuchora grafu, kuandika ripoti na kuitetea mbele ya wafadhili hufanyika hukohuko au ng'ambo. Tangazo la nafasi ya msimamizi wa data au afisa wa ufuatiliaji na tathmini linapobandikwa Kindu, linadai miaka mitatu au mitano ya uzoefu wa uchambuzi, na mdadisi aliyefanya tafiti kumi hana hata mwaka mmoja wa uzoefu huo. Amebaki mlangoni miaka yote.

Hili linauma zaidi ukikumbuka kwamba dunia ilijifunzia hapahapa. KoboToolbox, programu ya kukusanya data ambayo leo iko kwenye simu za mashirika ya misaada kila bara, iliasisiwa na Phuong Pham na Patrick Vinck, watafiti waliofanya kazi kwa miaka mingi kaskazini mwa Uganda na mashariki mwa Kongo, mahali ambapo mtandao haupo na fomu lazima ikae kwenye simu mpaka mtu afike penye mnara. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipotaka kujua kama kaya zinaweza kuulizwa hali yao ya chakula kwa njia ya simu, mahali pamojawapo pa majaribio ya mwanzo palikuwa kambi ya Mugunga III, nje ya Goma, mnamo 2013 na 2014. Njia zilizojaribiwa kwa watu wetu zimewapa wengine kazi za heshima Nairobi, Roma na Geneva. Sioni sababu ya kijana wa Obokote kuwa wa mwisho kufaidika nazo.

Asili isiyojulikana

Mwalimu anayetaka kufundisha takwimu Obokote hana haja ya kuagiza mifano kutoka mbali. Amwombe muuguzi mkuu wa kituo cha afya daftari la chanjo, kisha awaulize wanafunzi swali moja: asilimia ngapi ya watoto wa eneo hili wamechanjwa surua?

Swali linaonekana jepesi. Sehemu ya juu ya hesabu, kiasi, imo daftarini: unahesabu vistari. Tatizo ni sehemu ya chini, ile asili. Watoto wa eneo hili ni wangapi? Sensa ya mwisho ya watu nchini Kongo ilifanyika Julai 1984, enzi za Mobutu, na ilihesabu watu wapatao milioni 30. Tangu hapo nchi imepita vita viwili vikubwa, vijiji vimehama, machimbo yamevuta maelfu ya watu na kuwaachia tena, na leo makadirio ya idadi ya wananchi yanapita milioni 100. Mtu aliyezaliwa mwaka wa sensa hiyo amekwisha kupita miaka 40 na huenda ana wajukuu. Hakuna aliyehesabiwa tena kwa utaratibu huo.

Kwa hiyo zoni za afya zinafanya zinachoweza. Huchukua idadi ya zamani, au idadi iliyopatikana kwa wahudumu wa jamii kupita nyumba kwa nyumba, na kuiongeza kwa asilimia 3 hivi kila mwaka. Kutoka hapo huchukuliwa kwamba wajawazito ni asilimia 4 ya watu wote, na watoto wachanga nao hukadiriwa kwa fungu la namna hiyohiyo. Tuchukue mfano wa darasani. Eneo la afya limeandikiwa watu 10,000. Watoto wachanga wanaotarajiwa kwa mwaka ni 400. Muuguzi amechanja 480. Ripoti inatoka: asilimia 120. Mwanafunzi wa kwanza atacheka, wa pili atasema muuguzi ametia chumvi. Mwalimu mzuri atawaacha wabishane, kisha atawauliza: je, kama machimbo mapya yamefunguliwa ng'ambo ya mto na watu ni 14,000? Basi watoto ni 560, na muuguzi ambaye ripoti inamsifu kwa kupita lengo ameacha watoto 80 bila sindano. Pia huenda kina mama wanatoka eneo la jirani kwa sababu huko dawa imekwisha. Au vistari vimepigwa mara mbili. Kila jibu linampeleka mwanafunzi mahali tofauti pa kuchunguza, na huko kuchunguza ndiko kazi yenyewe ilipo. Nimeona kozi nyingi zinazotangazwa kama mafunzo ya data ambazo zinamaliza wiki nzima kwenye vitufe vya kompyuta bila kufika kwenye swali hili.

Athari zake si za darasani. Kati ya 2019 na 2020 surua iliua zaidi ya watu 6,000 nchini Kongo, wengi wao watoto wadogo. Sababu zilikuwa nyingi: umbali, upungufu wa chanjo, majokofu mabovu, lishe duni. Lakini ukiwa na asili mbovu huoni mapema ni wapi watoto wasiochanjwa wamejaa, na mlipuko unakukuta bado unasoma asilimia nzuri.

Majirani wamepiga hatua ambayo Kongo haijaipiga. Kenya ilihesabu watu 47,564,296 mwaka 2019. Tanzania ilihesabu 61,741,120 mwaka 2022, makarani wakitumia vishikwambi mpaka ngazi ya kitongoji. Data ya namna hiyo ikiwapo, mtu wa mipango wilayani ana pa kuanzia. Obokote pa kuanzia ni daftari na busara ya anayelisoma, kwa hiyo huyo anayelisoma ndiye anayestahili kufundishwa kwanza na kufundishwa vizuri kuliko wote.

Daftari hilohilo lina masomo mengine. Angalia safu ya umri katika rejista ya wagonjwa wazima. Utakuta walio na miaka 30, 35, 40 na 45 wamejaa, na walio na miaka 31, 33 au 44 ni wachache mno. Watu hawazaliwi hivyo; mgonjwa amekadiria au mwandishi amemkadiria. Kitu kilekile hutokea kwenye utepe wa kupima mkono wa mtoto. Chini ya milimita 115 mtoto ana utapiamlo mkali na huingizwa kwenye tiba. Mpimaji aliyechoka husogeza kipimo kwenye tarakimu nzuri, na milimita mbili za uchovu humnyima mtoto chakula cha dawa. Mwanafunzi akichora vipimo vyote vya mwezi kwenye karatasi ya miraba, ataona vilima vimesimama kwenye 110, 115 na 120, na ataelewa bila kuhubiriwa kwa nini ubora wa data unaanzia kwenye kidole cha anayepima. Zoezi hilo linataka penseli na rula tu.

Tingi-Tingi

Kilomita chache mashariki mwa mji wa Lubutu, kwenye barabara kuu, pako Tingi-Tingi. Kila anayefundisha data katika wilaya hii, na hasa kila anayewaandaa vijana kufanya kazi katika mashirika ya kimataifa, ana wajibu wa kulifundisha jina hilo. Wazee wa hapa wanalikumbuka. Vijana waliozaliwa baadaye wanalisikia kama habari ya vita, na ndani yake mna somo la takwimu kubwa kuliko lolote nilijualo.

Oktoba na Novemba 1996 kambi za wakimbizi wa Rwanda zilizokuwa Kivu zilishambuliwa na kuvunjwa. Kabla ya hapo zilikuwa na watu zaidi ya milioni moja. Katikati ya Novemba mamia ya maelfu walivuka kurudi Rwanda kwa miguu, na kamera za dunia nzima zikawaonyesha. Likazuka swali la hesabu: waliobaki Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ni wangapi? Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilisema bado wapo mamia ya maelfu, wamekimbilia msituni. Serikali ya Rwanda ilisema karibu wote wamerudi. Maofisa wa Marekani, wakitegemea picha zilizopigwa na ndege, walitaja idadi ndogo sana kuliko ya UNHCR. Tarehe 15 Novemba Baraza la Usalama lilikuwa limepitisha azimio namba 1080 la kupeleka kikosi cha kimataifa, kikiongozwa na Jenerali Maurice Baril wa Kanada, ili misaada iwafikie. Mzozo wa idadi ukaendelea, nia ikapungua, na kufikia Desemba mpango ukavunjwa.

Watu waliodaiwa kutokuwapo walikuwa wakitembea kuelekea magharibi. Walitokeza Tingi-Tingi Desemba hiyohiyo, makumi ya maelfu kwa makumi ya maelfu, wakiwa wamevuka msitu kwa wiki kadhaa. Ndege za misaada zilitua juu ya kipande cha barabara. Kipindupindu kiliingia, watoto wakafa kwa njaa. Februari 1997 Sadako Ogata, Kamishna Mkuu wa UNHCR, alifika kuwaona. Mwisho wa mwezi huo majeshi ya waasi wa AFDL na ya Rwanda yalikaribia, wakimbizi wakakimbilia Kisangani na Ubundu, na wale walioshindwa kuondoka, wagonjwa na wadogo, waliuawa kambini. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 kuhusu uhalifu uliofanyika Kongo imeyaandika hayo.

Kuna upande wa pili, mzito zaidi kwa mtu anayetaka kazi ya misaada. Mei 1997 MSF ilieleza kwamba askari walikuwa wakitumia wafanyakazi wa misaada kuwapata wakimbizi msituni: shirika linapewa ruhusa kwenda kutafuta waliopotea, linagundua walipo, na askari wanafika nyuma yake. Mahali alipo mtu ni data. Wakati huo iliandikwa kwenye daftari na kutajwa redioni. Leo kishikwambi huiweka chenyewe, pamoja na latitudo na longitudo, mdadisi asijue hata kama imeingia.

Maniema bado ina makundi yenye silaha na machimbo yanayogombewa. Orodha ya kaya zilizopokea fedha, jina la mama aliyebakwa lililoandikwa kituoni, ramani ya mahali wahamaji walipolala, vyote hivyo vikiangukia mkono mbaya vinageuka kuwa silaha. Kozi nyingi huliweka suala la kulinda data mwishoni, saa ya mwisho ya siku ya mwisho, watu wakiwa wamekwisha kufunga mabegi. Katika wilaya ya Lubutu liwe somo la kwanza kabisa. Mwanafunzi ajifunze kuuliza kila safu ya dodoso: tunaihitaji kwa nini, nani ataiona, itafutwa lini? Na awe na ujasiri wa kumwambia msimamizi wake kwamba jina halihitajiki hapa. Ujasiri huo ni sehemu ya ujuzi, na waajiri wanaojua kazi yao wanautafuta.

Kubishana na namba

Kila Mkongo amesikia kwamba vita viliua watu milioni tano, au sita, au kumi. Namba hizo hupanda katika hotuba. Chanzo chake ni tafiti za shirika la misaada la IRC, zilizoanza mwaka 2000 chini ya mtaalamu wa magonjwa ya milipuko Les Roberts. Ya kwanza ilikadiria vifo vya ziada milioni 1.7, na ya mwisho, iliyotolewa Januari 2008, ilifika milioni 5.4 kwa kipindi cha Agosti 1998 hadi Aprili 2007. Walio wengi, kwa mujibu wa tafiti hizohizo, hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa maradhi na njaa zilizofuatana na vita.

Neno la kuangalia ni "ziada". Ili ujue waliokufa kwa sababu ya vita, lazima ujue wangapi wangekufa vita visingekuwapo. IRC ilichukua wastani wa Afrika kusini mwa Sahara, vifo 1.5 kwa kila watu 1,000 kwa mwezi. Wakosoaji walisema Kongo ilikuwa na hali mbaya kuliko wastani huo hata kabla ya vita, kwa hiyo kiwango cha kuanzia kilikuwa cha chini mno na ziada ikavimba. Wanademografia wa Ubelgiji walitoa makadirio madogo mara nyingi zaidi. Mjadala huo uliendeshwa na watu wa New York, Vancouver na Brussels, juu ya maiti za watu wetu.

Sisemi nani alikuwa sahihi. Nasema mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kindu anapaswa kuweza kuingia katika mjadala huo akiwa na hoja yake: kuchukua kiwango cha kuanzia, kukibadilisha kutoka 1.5 kwenda 2, kuona jumla inavyoporomoka, na kusema kwa nini anaamini hiki kuliko kile kwa jinsi anavyoijua Maniema. Zoezi zima linafanyika kwenye lahajedwali kwa saa moja. Heshima ya waliokufa haipungui kwa kuhesabiwa sawasawa.

Mafunzo ya kumfikisha mwanafunzi hapo yanafananaje? Semina ya siku tatu hotelini yenye posho haitoshi, na kila mtu anayehusika analijua hilo. Mfano ulio bora upo, na Kongo tayari inao: mafunzo ya epidemiolojia ya uwandani, ngazi yake ya kwanza, yanayochukua miezi mitatu hivi. Muuguzi au mhudumu wa ofisi ya zoni hakai darasani miezi yote hiyo. Anakuja siku chache, anafundishwa, anarudi kituoni kwake na kazi ya kufanya kwa data yake mwenyewe: linganisha ripoti na daftari, tafuta zinapotofautiana, chora mwenendo wa malaria wa mwaka. Anarudi mbele ya wenzake kueleza alichokuta. Anasahihishwa. Anaondoka tena. Mwisho wa miezi hiyo zoni ina ripoti safi zaidi na mtu anayejua kwa nini ni safi. Mtindo huo ungewafaa pia wadadisi, walimu, makatibu wa sekta na vijana wa vyama vya wakulima.

Ramani ni njia nyingine iliyokwisha kujaribiwa. Mwaka 2014 mradi wa Missing Maps ulipoanza, Lubumbashi ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza. Wanafunzi wa chuo kikuu walipita mitaani kuandika majina ambayo picha za satelaiti haziwezi kuyajua. Dar es Salaam, kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwaingiza wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi wa mitaa inayofurika, wakachora mifereji na nyumba kata kwa kata. Wapo waliotoka pale wakawa wachambuzi wa ramani kwa kazi, kwa sababu walishika hatua zote, tangu kutembea na kifaa hadi kutoa ramani iliyokamilika. Vijiji vya Obokote vilivyo ndani ya msitu, vingine vikiwa na majina mawili na vingine vikiwa vimehama mara mbili tangu 1996, vinawahitaji watu wa namna hiyo.

Lugha isiwe kizuizi. Mfumo wa taifa wa taarifa za afya, ule wa DHIS2 unaojazwa kila mwezi katika ofisi za zoni, unatumika kwa Kifaransa, na ripoti zitaendelea kuandikwa kwa Kifaransa. Lakini kufikiri kuhusu sampuli, asili, wastani na makosa kunaweza kufanyika kwa Kiswahili, ambacho watu wa Maniema wanakisema tangu siku za misafara ya Kasongo na Nyangwe. Kongo imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Dar es Salaam kuna Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, kilichoanza 1965. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kimekuwa na taasisi ya takwimu tangu 1969. Serikali ya jimbo ikiomba nafasi mbili tatu za masomo kila mwaka kwa vijana wa zoni za mbali, haitakuwa imeomba jambo kubwa.

Nawaonya vijana kuhusu jambo moja, kwa sababu nawatakia mema. Kazi za mashirika ya kimataifa zimetikisika. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada, na kufikia Julai mwaka huo USAID ilikuwa imefungwa. Mpango wa tafiti za afya na demografia, uliokuwa ukitoa takwimu za kaya kwa nchi maskini tangu 1984 na uliofanya utafiti wake wa karibuni Kongo mwaka 2023 na 2024, ulikatizwa. Mtandao wa FEWS NET wa kutabiri njaa ulizimwa kwa miezi. Watu waliosomea data ili waajiriwe na mfadhili mmoja walijikuta nyumbani. Ndiyo maana nasisitiza daftari la kituo, ofisi ya zoni, Divisheni ya Afya ya jimbo, Taasisi ya Taifa ya Takwimu. Hapo mshahara ni mdogo na mara nyingine unachelewa, lakini swali la watoto wangapi wamebaki bila chanjo litaulizwa hata mfadhili akiondoka. Aliyejifunzia hapo anaweza kwenda Geneva akitaka, na ataajiriwa haraka, maana anajua mambo ambayo wenye shahada kubwa hawajawahi kuyaona.

Mashirika yanayofanya tafiti Maniema yana uwezo wa kubadilisha hali hii bila kungoja mtu. Katika kila mkataba wa utafiti wa Lubutu, Obokote au Punia, yaandike kwamba angalau wadadisi wawili wa hapo watakaa kwenye meza ya kusafisha na kuchambua data mpaka mwisho, majina yao yatiwe kwenye ripoti, na wapewe barua inayosema wamefanya uchambuzi. Yaandike pia kwamba kabla ripoti haijatolewa, matokeo yatarudishwa kijijini yakaelezwe kwa Kiswahili mbele ya watu walioulizwa, ili mama aliyesema mtoto wake alikufa kwa kukosa fedha ya kituo asikie jibu lake lilifika wapi. Na Divisheni ya Afya ya jimbo, iliyo Kindu, inayotoa kibali kwa tafiti hizo, iyafanye mambo hayo mawili kuwa sharti la kibali.